Hapa ni Wapi, Mke Wangu?

Nyumbani, 2 Machi

Mume wangu Cheche,

Ulisema nisitume bahasha tena kwa sababu barua zinapotea njiani. Haya, nimekubali, leo nakuandikia kwa simu. Ila ujue bahasha ninaikumbuka. Nilikuwa naifunga kwa ulimi wangu, nikijua utaifungua kwa mkono wako. Simu haina ladha hiyo.

Mkeo siku hizi ni msomi. Kikundi chetu cha mafundi cherehani kimepata mwalimu wa kompyuta, dada mmoja mwembamba, mcheshi. Anatufundisha Jumamosi katika chumba cha nyuma ya kanisa, palepale tunapowekaga viti vibovu. Ungetuona! Wanawake wazima na miwani yetu ya kusomea, tunakishika kipanya kana kwamba kitatung'ata. Mama Vifungo, yule mwenzangu anayeuza vifungo na zipu, alikishika kwa leso.

Mwalimu amesema kila mmoja atengeneze ukurasa wake wa mtandao. Wenzangu wametengeneza wa kuuza sare na mapazia. Mimi nikamwambia mwalimu, wangu si wa biashara, wangu ni wa mtu mmoja. Akacheka, akaniruhusu. Nimeuita Nyumbani kwa Cheche. Anwani yake nimeiweka mwisho wa barua hii.

Humo nimeweka picha na sauti nilizorekodi kwa simu. Nimeandika vizuri, kwa heshima: ukitaka kumsikia mama yako, bonyeza hapa. Ukitaka kumwona, bonyeza hapa. Ukitaka kumsikia kitindamimba wako akisoma kitabu, bonyeza hapa. Yale maneno "bonyeza hapa" yana mstari chini yake. Mwalimu anayaita kiungo. Ukiyagusa yanakupeleka kwenye kitu chenyewe.

Kuhusu mama yako nina neno, lakini sitaliandika. Lipo hukohuko kwenye ukurasa, kwa picha na kwa sauti yake mwenyewe. Afadhali ulipate kwake.

Mlango wetu bado unalia. Uliondoka ukisema ukirudi utazitia bawaba mafuta. Basi kila mtu akiufungua mimi nageuka, hata nikiwa na pini mdomoni. Nakuwa najua si wewe, na bado nageuka. Namwomba Mungu anisamehe kwa kumkaribisha kila mgeni kwa uso ulionuna.

Nakuuliza lilelile ninalokuuliza kila barua. Mwisho wa mwaka unakuja?

Wako,
Sindano

*

19 Machi

Mke wangu Sindano

Barua hii sikuiandika kwa vidole nimeisema kwa mdomo simu ikaandika yenyewe. Vidole vya fundi ni vinene vinagusa herufi tatu kwa mpigo. Kwa hiyo usipoona mkato ujue ni simu ndiyo haikumaliza shule siyo mumeo. Nukta inaweka inapojisikia.

Nimefurahi sana kwa habari za kompyuta. Mwambie Mama Vifungo kipanya hakili leso.

Ukurasa nimeufungua. Umeutengeneza vizuri sana. Mama amependeza. Mwambie mwanao amesema umependeza sana.

Kazini siko tena kwenye kuchomelea. Nimehamishiwa kupiga msasa kingo za mageti kabla hayajapakwa rangi. Ni kazi ya mikono tu unapapasa chuma unatafuta palipo na meno unasugua. Mikono yangu imekuwa laini kama ya karani utanicheka.

Mwisho wa mwaka tuone. Kuna mambo hayajakaa sawa huku.

Nikuulize kitu kidogo. Hayo maneno bonyeza hapa bonyeza hapa huwezi kuyabadilisha? Kama ni mama andika mama. Kama ni mtoto andika mtoto. Ni wazo tu.

Nakukumbuka. Hilo simu imeliandika bila makosa nimeiuliza.

Cheche

*

Nyumbani, 24 Machi

Baba watoto,

Amependeza?

Mama yako ana plasta kuanzia kiganjani mpaka karibu na bega. Aliteleza uani akianua nguo, akaangukia mkono. Kwenye ile picha mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, uso umevimba upande mmoja, na ametabasamu kwa ajili yako tu kwa sababu nilimwambia picha hii inakwenda kwako. Na sauti yake, wala si ndefu, anakueleza alivyoanguka na kukuambia usihangaike. Nawe unajibu amependeza. Umependeza sana!

Aliniuliza, "Mwanangu amesema nini?" Nikasema amesikitika mno, mama, chakula kimemshinda. Nimesema uongo mbele ya mama mkwe na mbele ya Mungu, na huo uongo umenituma wewe.

Sasa niambie ukweli. Hukuufungua ule ukurasa, sivyo? Sema tu hukuufungua, nitaumia siku moja iishe. Au kuna mtu anayekushikia simu, anakusomea barua zangu na kukujibia? Kama kuna mwanamke huko, Cheche, mwambie aangalie picha vizuri kabla ya kujibu.

Halafu unakuja na mawaidha ya maneno yangu. Darasa zima tunaandika bonyeza hapa. Hata matangazo ya watu wakubwa yanaandika bonyeza hapa, mengine soma zaidi. Mimi niliyeishia darasa la saba nijifanye kuyajua zaidi yao? Nilikaa Jumamosi nzima kwenye ukurasa ule mpaka kiuno kikakaza. Nilitegemea kusikia kwamba umemsikia mtoto anavyosoma siku hizi, hagugumii tena. Hukutaja hata neno.

Naacha hapa, nisije nikasema la kutubu.

Mama watoto

*

2 Aprili

Sindano

Nisamehe. Mpe mama pole yangu mwambie nimelia na hilo si uongo safari hii. Anatumia mkono gani kula?

Nilipitia haraka. Hakuna mwanamke. Nani atamtaka mtu anayenuka kutu kuanzia asubuhi. Anayeishi chumba hiki nami ni yule mwenzangu wa kiwandani Bonge na yeye anakoroma kama jenereta. Huyo hawezi kuwa wa siri.

Usikasirike nikirudia lile jambo. Nakuomba andika majina. Usiandike bonyeza hapa wala soma zaidi wala tazama hii. Andika ili mtu akiyasikia maneno yale peke yake bila sentensi iliyo kando ajue anakwenda wapi kabla hajagusa. Sasa hivi ni hapa hapa hapa hapa. Hapa ni wapi mke wangu?

Kuhusu kuja. Usinihesabie mwisho wa mwaka. Mkae vizuri. Wewe una kikundi una kazi una Mungu. Nisije nikawa mzigo juu ya kazi zako.

Cheche

*

Nyumbani, 15 Aprili

Mume wangu,

Sikukujibu upesi. Mwanzo ilikuwa hasira. Lile neno lako la mzigo nilitembea nalo kama kokoto kwenye kiatu. Nikasema moyoni, mtu akitaka kukuacha huanza kukusifia kwamba unajiweza.

Halafu ikaja Jumamosi. Ngoja nikusimulie taratibu, maana nimeisimulia kwa Mungu tu mpaka sasa.

Mwalimu aliingia akasema, "Leo mama zangu hamtasoma kwa macho, mtasoma kwa masikio." Akaniomba kitambaa kwenye kikapu changu. Nilikuwa na kipande cha bitana nyeusi, akakitundika juu ya kioo cha kompyuta pasionekane kitu. Akasema, "Tunaanza na ukurasa wa nani?" Wenzangu wakanisukuma mbele, eti wangu ndio una maneno matamu. Akaiambia mashine isome viungo peke yake.

Ikaanza kwa ile sauti yake isiyo na pumzi. Kiungo, bonyeza hapa. Kiungo, bonyeza hapa. Kiungo, bonyeza hapa.

Mama Vifungo akasema, "Huyu kasuku kakwama!" Tukacheka, wengine wakapiga meza. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu ya aibu. Mwalimu akatuacha tucheke, kisha akasema, "Haya, fundi Sindano, hapo ndani kuna sauti ya mama mkwe wako. Mfungulie mumeo." Nikanyoosha mkono kwenye kitambaa cheusi, nikakaa hivyohivyo. Sikujua niguse ipi. Ukurasa niliutengeneza mwenyewe, Cheche, na sikujua niguse ipi.

Akatueleza kwamba mtu asiyeona hutembea hivyo kwenye ukurasa. Kidole chake kinaruka kutoka kiungo mpaka kiungo, kutafuta anachotaka, kama sisi tunavyopitisha macho. Yale maneno mazuri ya kando hayasikii. Anasikia yale yenye mstari tu. Akiwa bado anajifunza simu, basi ndiyo anapotea kabisa. Mama Vifungo akasema, "Ni kama makopo yangu ya vifungo nikiyaandika yote kopo." Mwalimu akasema ndiyo, hivyohivyo.

Nilikuwa nimeshaacha kucheka, maana nilikusikia. Nakuapia nilikusikia sikioni, ukisema, hapa ni wapi mke wangu?

Nikarudi nyumbani nikazifungua barua zako zote tangu uliposema bahasha zinapotea. Kuna ile ya vidole vinene. Kuna msasa, na chuma unachokipapasa. Kuna mama kupendeza. Na umeniandikia "akiyasikia", Cheche. Mtu mwingine angesema akiyasoma.

Sikuulizi kitu. Nimepiga magoti nikaomba nipewe ulimi wa kutouliza. Utaniambia ukitaka, na usipotaka nitakaa hivihivi bila kujua. Ila lile la mzigo nalijibu. Mimi niliolewa na fundi aliyekuja kuweka geti la jirani, likakaa sawa siku ya kwanza, naye akaendelea kuja wiki nzima kudai bado halijakaa. Huyo ndiye niliyemkubali. Sikumkagua kiungo kimoja kimoja kama mtu anayenunua cherehani ya mtumba. Na kama kuna kilichopungua, basi kilichobaki nakitaka nyumbani, si huko kwa Bonge.

Ukurasa nimeufumua wote kama gauni lililokatwa vibaya. Mwalimu alikaa nami. Alinifundisha kwamba maneno ya kiungo yajitosheleze, na kwamba vitu viwili tofauti visibebe jina moja. Kama ni sauti niseme ni sauti, kama ni picha niseme ni picha, mtu asije akafungua akakutana na kimya. Nikataka kuandika kwa kumwaga maneno, unanijua, akanizuia. "Mama, andika jina, si wasifu." Akasema pia hakuna haja ya kuandika neno kiungo, mashine yenyewe inalitamka. Na picha ya mama yako nimeiwekea maelezo: plasta, kitambaa shingoni, tabasamu, na ule upande uliovimba ambao sasa umeshapona.

Kidole chako kikiteremka kitakuta haya:

Sauti ya mama yako akieleza alivyoanguka

Picha ya mama yako na plasta, pamoja na maelezo

Sauti ya kitindamimba akisoma bila kugugumia

Sauti ya cherehani yangu ikishona pindo

Sauti ya mlango wetu ukifunguliwa

Huo wa mwisho usiufungue Bonge akiwepo.

Wako, na si kwa adabu ya barua tu,
Sindano

*

28 Aprili

Mke wangu

Leo nasema polepole ili simu isinikosee.

Sioni. Kuna mwanga kidogo jicho la kushoto kama taa iliyo nyuma ya pazia lako zito basi. Tulipewa tangi la mafuta tulichomelee tukaambiwa limeshaoshwa. Halikuoshwa. Nilipoligusa kwa moto likajibu kwa kulipuka. Niliamka nimefungwa bandeji nikauliza saa ngapi na wakasema mchana. Ndipo nikakuandikia bahasha zinapotea. Zilikuwa hazipotei. Zipo chini ya mto wangu mbili hazijafunguliwa nilikuwa sitaki Bonge anisomee. Maneno yako yakipita kwenye mdomo wa Bonge yangekuwa ya nani?

Nilijiambia nitarudi macho yakirudi. Daktari hakusema yatarudi. Mimi ndiye niliyesema.

Kuna mahali hapa mjini wanatufundisha simu inayosema. Mwalimu wetu naye haoni na ana masihara mabaya. Siku ya kwanza alituambia karibuni mlioniona. Amenifundisha kuteremka kwa kidole kiungo kwa kiungo kama ulivyosema. Ukurasa wako ndio niliokuwa nafanyia mazoezi. Nikawa nasikia hapa hapa hapa. Nikajaribu kusikiliza ukurasa wote mzima lakini nikifika penye mama kabla sijagusa simu imeshanipeleka mbele. Siku moja nikagusa hapa mojawapo simu ikasema picha ikanyamaza. Nikajua ni mama kwa sababu ulisema kuna picha ya mama. Nikakuandikia amependeza. Sikuwa natania Sindano. Mimi mama namkumbuka amependeza.

Nilikuwa najua nyote mmo mle ndani. Mko nyuma ya hapa fulani. Nilikuwa nakaa na simu sikioni kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake watu wanaongea ndani naye hajui dirisha ni lipi. Ningekuambia kwa nini nataka majina. Lakini ningekuambia kwa nini ningekuambia yote.

Leo Bonge amekwenda kuoga nikaufungua. Kidole kikateremka simu ikasema sauti ya mama yako akieleza alivyoanguka. Nilikaa kwanza. Nilikuwa sijagusa kitu na tayari nilikuwa nimefika kwa mama. Kisha nikagusa akanisalimu kwa lile jina la utotoni. Sijalia hivyo tangu lile tangi. Halafu mtoto. Amesoma ukurasa mzima hakugugumia hata mara moja na mwishoni akakuuliza niendelee? Hukumjibu nikamjibu mimi.

Cherehani nimeisikiliza nikiwa nimelala. Pale unapopunguza mwendo kwenye kona napajua.

Nikabakiza ule wa mwisho mpaka Bonge akatoka kwenda kazini. Komeo kwanza. Halafu bawaba ya juu. Halafu ile ya chini inayochelewa kidogo kisha inalia. Unajua kwa nini inachelewa? Niliichomelea imepinda. Ulikuwa umesimama na kikombe cha chai unasubiri nimalize nami nilikuwa nakuangalia wewe badala ya kazi. Nilisema nitairekebisha nikaona aibu kukuambia ilipindaje. Mlango wote umenyooka ni pale tu.

Sasa sikia. Mwisho wa mwaka ni mbali. Bonge amekubali kunipandisha basi wiki ijayo na kumwambia kondakta anishushe kwenye kona ya kwetu. Kuanzia kona nitakuja kwa fimbo nimeshafundishwa na mkono wa kushoto nitapapasa kuta. Usije kunipokea. Nataka nifike mwenyewe. Kaa kwenye cherehani yako kama siku zote pini mdomoni.

Milango ya chuma ya mtaa ule inafanana nusu yake nimeitengeneza mimi. Yote niliitia mafuta isipokuwa wa kwetu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Zile bawaba zisiguswe na mtu hata mama akisema kelele zimemzidi. Nitausukuma mlango na ukilia hivyo nitajua ni hapa.

Na wewe ukigeuka safari hii usinune.

Cheche